Kioo Kwanza, Raba Baadaye

Gari la zamani la kukunja paa likianza kuvuja, mwenyewe hukimbilia raba. Hununua mita kadhaa, huongeza bomba la silikoni, hushinda garajini Jumamosi nzima, na mvua ya kwanza ikinyesha maji yanakutwa pale pale kwenye zulia, upande ule ule. Raba haina hatia. Gari la aina hii halina fremu ya bati inayokizunguka kioo cha mlango. Kioo hupanda kikiwa uchi, kikaenda kujibana kwenye raba iliyofungwa pembeni mwa paa la turubai. Kikisimama milimita tatu ndani au nje ya mahali pake, raba mpya itakuwa pambo tu. Ndiyo maana kazi hii ina mfuatano wake: mwili wa gari, kisha mlango, kisha paa, kisha kioo, na raba ije mwisho. Anayeanza na raba atairudia kazi.

Nawafikiria hasa watu wa Lubumbashi wenye hamu ya kufika Kasenga na gari la namna hii. Kasenga iko zaidi ya kilomita 200 kaskazini-mashariki, ukingoni mwa mto Luapula, na ng'ambo ya maji ni Zambia. Unapita Minga, unafika Kasomeno, unakata kulia kuelekea mtoni. Enzi mji wetu ukiitwa Élisabethville, jina lililodumu hadi 1966, wafanyabiashara wa Kigiriki walijikita Kasenga wakawa wanapeleka samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru mjini na migodini kwa malori, kwa kuwa wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière walihitaji kitoweo. Malori ya samaki yangalipo barabarani, na vumbi jekundu yanaloliinua ndilo litakalokagua kazi yako.

Kazi ifanye Agosti au Septemba. Juni na Julai asubuhi za Lubumbashi ni za baridi, maana tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na raba iliyopoa haikubali kupinda kwenye kona. Oktoba joto ni kali kiasi kwamba gundi hukauka mkononi kabla hujaiweka mahali pake. Novemba mvua zimeshaanza, umechelewa.

Mifano yangu mingi inatoka kwenye Volkswagen Coccinelle ya paa la turubai, ambayo kampuni ya Karmann iliitengeneza Osnabrück, Ujerumani, tangu 1949 hadi 1980, zaidi ya magari 330,000. Wingi huo ni bahati kwako, kwa sababu raba zake zinatengenezwa hadi leo. Peugeot 504 Cabriolet, kazi ya Pininfarina wa Italia ya 1969 hadi 1983, inafuata mantiki ile ile, ila vipande vyake ni adimu na utalazimika kubuni zaidi. Mwenye Land Rover ya turubai na vioo vya kuteleza aruke sehemu ya mashine ya kioo. Matatizo yake mengi huisha kwa kubadilisha mifereji ya sufu ambamo vioo vinateleza.

Anza chini, kwenye vizingiti

Gari likiondolewa paa la bati, nguvu iliyokuwa juu lazima ihamie chini. Karmann waliongeza vyuma kwenye vizingiti vya Coccinelle kwa sababu hiyo. Kutu ikivila vizingiti, gari hulegea katikati, na dalili ya kwanza utaiona kwenye mlango: mwanya kati ya mlango na mwili wa gari unakuwa mwembamba juu na mpana chini. Simamisha gari mahali tambarare, likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, ufungue na kufunga milango yote miwili. Mlango ukiinuka kidogo unapogonga komeo, au ukihitaji kusukumwa kwa goti, usinunue raba hata senti moja. Kwanza angalia bawaba: shika mlango ulio wazi kwa chini na uunyanyue. Ukicheza, pini za bawaba zimelika, na hilo ni jambo la kubadilisha pini. Usipocheza na bado mwanya haulingani, tatizo liko kwenye vizingiti, na hapo unahitaji fundi bodi mwenye mashine ya kuchomelea.

Jambo moja la tahadhari: usiliinue gari hili kwa jeki ya katikati milango ikiwa wazi. Linaweza kujikunja kiasi cha kukataa kufunga milango tena.

Baada ya hapo funga paa na vishikio vyake vyote vikaze. Paa lililofungwa nusu hutoa vipimo vya uongo. Turubai jipya pia huvuta, kwa hiyo lililoshonwa wiki hii liache likae limefungwa siku kadhaa juani ndipo upime.

Kioo kisimame mahali pake

Sasa toa mkono wa kupandishia kioo, kishikio cha mlango, na ubao wa ndani. Nyuma ya ubao utakuta, au ungepaswa kukuta, karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwenye bati. Magari mengi yaliyozeeka hapa kwetu hayanayo tena. Fundi wa kwanza aliichana, wa pili akaitupa. Nitairudia.

Ndani ya mlango kuna reli mbili au zaidi zinazokiongoza kioo. Katika Coccinelle reli ya mbele ni sehemu ya fremu ya kile kioo kidogo cha pembetatu. Kila reli imeshikwa kwa bolti juu na chini. Bolti za juu zina nafasi ndogo ya kusogea, za chini zina nafasi kubwa, na hapo ndipo siri ilipo: ukisogeza sehemu ya chini ya reli kuelekea ndani ya gari, kichwa cha kioo huinamia nje, ukiisogeza nje, kichwa huinamia ndani. Kabla hujalegeza chochote, chora kwa penseli mzingo wa kila washa kwenye bati. Mistari hiyo ndiyo itakayokurudisha nyumbani ukipotea.

Pandisha kioo polepole ukiwa umekaa ndani, paa limefungwa, mlango umefungwa. Unatazama vitu vitatu. Kwanza kimo: kuna kizuizi kinachoamua kioo kisimame wapi, nacho hurekebishwa. Kioo kifike kwenye raba ya paa na kuibonyeza kidogo. Kikiipita na kuisukuma juu, kitaing'oa kwa miezi michache. Pili mwinamo: ukingo wa juu uguse raba kwa urefu wake wote, si kona moja tu. Tatu, kioo cha mlango na kile cha pembeni nyuma vikutane sambamba, na ule mwanya wima kati yao uwe sawa juu na chini. Kwenye Coccinelle kioo cha nyuma nacho hushuka na kupanda, kwa hiyo una vioo viwili vya kupatanisha kila upande. Anza na cha mlango, kisha ukilete cha nyuma kikifuate. Ukianza kinyume utazunguka siku nzima.

Kama kioo kinayumba hata baada ya kukaza reli, tazama mfereji wa chuma unaokibeba chini. Kati ya kioo na mfereji huo kuna ukanda wa raba unaobana. Ukikauka, kioo huteleza na kuinama. Toa kioo, safisha mfereji kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, weka ukanda mpya uliolowa maji ya sabuni, kisha gonga mfereji urudi kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti. Kumbuka kioo cha mlango ni kioo kilichokazwa kwa moto: hakikatwi, hakitobolewi, na pigo dogo la chuma kwenye ukingo wake hukivunja chote vipande vidogo vidogo.

Mlango umeumbwa unywe maji

Wengi hawalijui hili, na kutolijua kumeharibu milango mingi. Raba za kiunoni mwa mlango, zile mbili zinazokikwangua kioo kikipanda na kushuka, hazizuii maji yote. Hupunguza tu. Maji mengine hupita, hushuka ndani ya mlango, na hutoka kwa matundu yaliyoachwa makusudi chini kabisa. Katika Katanga vumbi jekundu huingia pamoja na maji hayo, likawa tope, tope likakauka, matundu yakaziba. Mvua inayofuata mlango unajaa kama ndoo, maji yanavuka ubao wa ndani na kukulowesha miguu, nawe unaishutumu raba ya paa.

Kwa hiyo ukiwa umeufungua mlango, chokoa matundu yote kwa waya, mimina maji ndani kwa kikombe uone yanatoka. Yakitoka na kutu, kausha mlango juani siku nzima, kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu sehemu ya chini. Halafu rudisha ile karatasi ya plastiki. Plastiki nene ya wajenzi inafaa kabisa. Ikate kubwa kuliko uwazi, igandishe pande zote, na sehemu yake ya chini uiingize ndani ya mlango kupitia mpasuo ulio kwenye bati, ili maji yanayotiririka juu yake yaangukie ndani ya mlango na siyo kwenye zulia. Hiyo plastiki ya bei ndogo huzuia maji mengi zaidi kuliko raba nyingi za bei kubwa.

Kanda za kromu na raba za kiunoni

Dukani Lubumbashi muuzaji atakuuliza unataka joint au baguette. Ya kwanza ndiyo raba, ya pili ndiyo ukanda wa kromu au alumini unaopita juu yake. Kwenye magari mengi ya zamani viwili hivyo vimeunganishwa nje ya mlango: raba ya kukwangua imebanwa kwenye ukanda kwa pini ndogo, na ukanda umeshikwa kwenye bati kwa klipu.

Kutoa ukanda ni kazi ya subira. Bandika tepe ya karatasi ya mafundi rangi kwenye bati lote la jirani. Tengeneza kabari ya mti mgumu au ya mwanzi, kamwe usitumie bisibisi tupu. Anzia mwisho mmoja, inua mahali penye klipu tu, sogea hadi klipu inayofuata. Alumini laini ikishakunjwa haisahau. Unaweza kuinyoosha juu ya ubao kwa nyundo ya mpira, lakini kwenye jua la saa kumi alasiri kila mtu ataliona bonde. Klipu za zamani zihifadhi hata zilizovunjika, kwa ajili ya kipimo.

Matundu ya klipu ndiyo mahali kutu inapoanzia. Yafute kwa msasa laini, paka praima, ngoja ikauke, ongeza tone la rangi ya gari. Mafundi wa haraka huruka hatua hii kwa sababu haionekani ukanda ukisharudi. Ni kweli haionekani, kwa miaka miwili.

Kama klipu imepotea na mahali pake patashikwa kwa skrubu au ribiti, angalia metali zinazokutana. Skrubu ya chuma ndani ya ukanda wa alumini, na unyevu katikati, hulana: alumini hugeuka unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu. Ribiti za alumini zinaelewana na ukanda wa alumini, lakini nazo zikigusa bati la chuma zinahitaji rangi katikati. Weka washa ya plastiki, au paka rangi nzito kwenye tundu na kwenye shingo ya ribiti ndipo uivute. Na kabla hujatoboa tundu jipya popote mlangoni, shusha kioo chote na upandishe tena, ujue kinapita wapi.

Raba ya kiunoni inaporudishwa, uso wake wenye manyoya mafupi ndio unaokigusa kioo. Iwekwe kioo kikiwa chini. Ikikaa, pandisha kioo mara moja polepole, kikiwa kimelowa. Kikikwama au kikilia, raba imekaa juu mno au ukanda haujashuka kwenye klipu zote. Usilazimishe, mashine ya kioo ya gari la miaka hamsini haina subira ya kubishana nawe.

Kuchagua raba

Kata kipande cha sentimita tatu cha raba ya zamani, mahali isipochakaa sana, utembee nacho. Picha ya simu haitoshi. Muuzaji anahitaji kuona umbo lake likikatwa: lina mdomo mmoja au miwili, lina bomba lenye uwazi ndani au ni kipande kizima, limebeba chuma ndani au halina. Kama unaagiza raba kutoka Ujerumani au Ufaransa kwa gari lenyewe, agiza seti nzima ya upande wa kushoto na wa kulia, maana za paa hazibadilishani.

Zisipopatikana, raba ya mlango ya Hiace au Land Cruiser, ile yenye kibano cha chuma na bomba laini juu yake, inaweza kuzunguka fremu ya mlango wa gari la zamani vizuri. Ila angalia unene. Bomba nene kuliko la awali hulazimisha mlango kusimama nje, kioo kikasogea nje pamoja nao, na kazi yako yote ya reli imeharibika. Laini kidogo na nyembamba kidogo ni afadhali kuliko nene. Kwa reli za paa hakuna raba ya Hiace itakayokusaidia. Hapo ama upate ya gari lenyewe ama usubiri.

Ifinye raba mpya kwa kucha. Inayorudi mara moja ni nzuri. Inayoacha alama, inayotoa unga mweusi, au inayonuka petroli kali, iache dukani hata kama bei inacheka. Raba nyingi za kisasa ni EPDM, inayostahimili jua na ozoni kuliko mpira wa asili, lakini adui yake ni mafuta ya petroli na grisi. Kwa hiyo usiisafishe kwa petroli, usiipake grisi wala Vaseline. Itavimba na kulegea. Mawese nayo yabaki jikoni: hunata, na kinachonata kwenye barabara ya Kasomeno hukusanya mchanga, mchanga ukakikwaruza kioo. Kinachofaa ni gliserini ya duka la dawa, au dawa ya silikoni ya kupuliza, kiasi kidogo kwenye kitambaa.

Kuifunga

Itandaze raba juani saa moja inyooke mikunjo ya safari. Kisha ipime ikiwa imelegea. Hapa ndipo watu wengi huharibu: wanaivuta ili ienee. Raba iliyovutwa hurudi nyuma usiku, na asubuhi unakuta kona ina mwanya wa sentimita. Ikate ndefu kwa sentimita moja au mbili, anza kuibana kwenye kona, kisha uje katikati ukiisukuma ijibane yenyewe. Maungio yawekwe chini au pembeni, yasiwekwe juu ambako maji hukaa. Ncha mbili ziunganishe kwa tone la supagluu, zikiwa zimekatwa wima kwa wembe mpya. Supagluu inafaa hapo tu. Ukiitandaza kwenye raba nzima itakuwa ngumu na kupasuka.

Raba za paa huteleza ndani ya reli nyembamba za chuma zilizofungwa kwa skrubu kwenye mbavu za paa, mara nyingi vipande vitatu kila upande. Reli hizi nazo zina matundu marefu ya kurekebisha. Kaza skrubu nusu, funga paa, pandisha kioo, sogeza reli hadi raba ikipokee kioo bila kukandamizwa, ndipo ukaze. Mahali vipande viwili vinapokutana, ncha zigusane paa likifungwa na ziachane bila kuvutana likikunjwa. Kunja paa na kulifungua mara kadhaa ukitazama. Raba inayobanwa na ubavu wa paa likikunjwa itakatika kabla ya Krismasi.

Kwa sehemu zinazohitaji gundi, tumia gundi ya kugusana, hiyo hiyo ya mafundi viatu wa vitongoji vya Kenya na Katuba hapa mjini. Safisha bati na raba kwa spiriti, acha vikauke. Paka safu nyembamba pande zote mbili, ngoja hadi ukigusa kwa kidole haivutiki, dakika kumi au kumi na tano kivulini, chini ya hapo kukiwa na joto. Kisha bandika mara moja, maana haitakupa nafasi ya pili. Fanya kazi nje, na kopo lisifunguliwe karibu na mbabula wala sigara. Mvuke wake unawaka.

Silikoni ya kuzibia ninaichukia, na nina sababu. Ile ya kawaida yenye harufu ya siki hutoa asidi ikikauka, na asidi hiyo hula bati lililo uchi. Pili, mahali ilipopita rangi haishiki tena, kwa hiyo fundi rangi wa kesho atakulaani. Tatu, huficha tatizo bila kulitatua. Ikiwa lazima uzibe mahali fulani, tumia mastiki isiyokauka ya mafundi wa vioo, ambayo utaweza kuikwangua ukitaka kurudi nyuma.

Kioo cha mbele

Hiki kifanywe na watu wawili, na kiwe cha mwisho. Safisha mdomo wa bati, ondoa kutu yote, maana kijiwe kimoja cha kutu hukipasua kioo. Kivalishe kioo raba ukiwa umekilaza juu ya blanketi. Ukanda wa kromu, kwa Coccinelle na magari mengi ya rika lake, huingizwa kwenye raba sasa hivi, kabla kioo hakijaenda kwenye gari. Ukisahau, utalazimika kukitoa tena.

Tafuta kamba ya nailoni ya milimita nne au tano, ilaze ndani ya mfereji wa raba unaokaa juu ya bati, kuzunguka kote, ncha zake zipishane kama sentimita ishirini chini katikati. Nyunyiza maji ya sabuni ya maji, siyo ya unga, kwenye raba na kwenye bati. Mwenzako anasimama nje akikisukuma kioo kwa viganja. Wewe ndani unavuta ncha moja ya kamba polepole, sambamba na kioo. Kamba inapotoka huuinua mdomo wa raba na kuukalisha juu ya bati. Zunguka chini kwanza, kona, pande, juu mwisho. Mwenzako apige kwa kiganja tu, mahali unapovuta. Kioo cha mbele cha tabaka mbili hakivunjiki vipande vidogo, hupasuka mstari mmoja mrefu, na mara nyingi sababu ni kusukumwa kona moja wakati nyingine imekwama.

Kupima

Chukua noti ya franka 500, iweke kati ya raba na kioo, funga, uivute. Ikitoka kwa ukinzani ule ule kila mahali, kazi ni nzuri. Inapotoka bila kushikwa, hapo ndipo vumbi litakapoingia. Kipimo cha pili ni chaki: paka chaki ukingo wa kioo, pandisha, shusha, uangalie mstari mweupe ulioachwa kwenye raba umekatika wapi. Usiku mtu aingie ndani na tochi, wewe uzunguke nje. Maji yaje baadaye, na yamiminwe kutoka chini kwenda juu kwa bidoni, hatua kwa hatua, ili ujue hasa yameingilia wapi. Anayemwagia gari zima kwa mara moja atapata maji ndani na hatajua yalikotoka.

Kisha vumbi. Nenda kilomita ishirini au thelathini za udongo kabla ya safari yenyewe, rudi, fungua milango bila kupangusa. Mstari mwekundu kwenye raba ni mahali hewa ilipopita. Usishangae ukikuta vumbi limeingilia nyuma. Gari likienda, hewa juu ya paa hukimbia na shinikizo lake hupungua. Ndiyo maana turubai huvimba. Hewa ya ndani hunyonywa juu, na pengo lake hujazwa na hewa ya nyuma ya gari, ambako magurudumu yako mwenyewe yametandaza vumbi. Kama gari lako lina matundu ya hewa safi mbele ya kioo, yafungue ukiwa peke yako barabarani: hewa inayoingia mbele huongeza shinikizo ndani na kulizuia vumbi la nyuma. Ukilikuta lori, yafunge na ubaki nyuma sana hadi upate nafasi ya kupita.

Beba kwenye sanduku mita moja ya kila raba uliyotumia, wembe, kopo dogo la gundi, klipu tano au sita, tepe na chupa ya gliserini. Usitegemee kupata raba za gari la namna hii Kasenga. Ukifika, usioshe vioo kwa kitambaa kikavu. Mimina maji kwanza kwenye raba za kiunoni hadi yatoke meupe, ndipo ushushe vioo, kwa sababu mchanga ulioshikwa na manyoya ya raba hukwaruza kioo kila kinaposhuka. Paa ulilokunja likiwa na umande wa asubuhi ya mtoni lifungue likauke kabla ya saa sita. Na mara moja kwa mwezi pangusa raba zote kwa kitambaa chenye gliserini, ukizingatia zaidi zile za kona za mbele, ambako kioo cha mlango, kioo cha mbele na paa hukutana.